Jumanne Baada ya Adhuhuri

Kabla sijaenda Uarabuni nilikuwa nachambua kahawa Bujumbura. Kiwanda kilikuwa mtaa wa viwanda, mwendo mfupi kutoka kwetu Buyenzi, na sisi wanawake tulikaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na rundo lake, tukitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Hakuna aliyekuwa na mkataba. Asubuhi tulisimama getini, msimamizi akawaonyesha kwa kidole aliowataka, wengine wakarudi nyumbani. Kuchambua si kazi ngumu sana. Macho huuma, shingo huuma, lakini unazoea. Nilichoshindwa kuzoea ni kulala bila kujua kama kesho nitaingia.

Nchi yetu haina bahari. Mafuta ya kuendeshea mashine yalitoka Dar es Salaam kwa malori, na kahawa yetu ilikwenda Dar kwa barabara hiyohiyo. Foleni ikiwa ndefu mpakani, au meli ikichelewa huko, msimamizi alitoka nje akasema mzigo umekwama, nendeni. Siku za namna hiyo hatukulipwa. Tulikuwa tukiizungumza bandari ya Dar kama watu wanavyomzungumza mkwe mgumu, na karibu sote hatukuwahi kuiona.

Mara moja tu niliwaona wanawake wale wakigoma. Joto lilikuwa kali na tulikatazwa kuondoka mezani kwenda kunywa maji. Mama mmoja mnene aliyekaa mbele yangu aliweka mikono yake mapajani. Wa pembeni yake naye akaweka, kisha wa pembeni yake, mpaka meza nzima ikawa kimya. Hakuna aliyepaza sauti. Msimamizi alizunguka, akatutazama mmoja mmoja, mwishoni akaagiza ndoo za maji ziletwe ndani. Baada ya hapo kila mtu akaendelea na punje zake.

Mwaka nilioondoka, msimu ulikuwa mbaya na kiwanda kilifungwa mapema. Mama yangu alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, na magoti yake yalikuwa yameanza kukataa. Wasichana wa mtaani walikuwa wanaondoka, leo huyu, wiki ijayo yule, na mama mmoja aliyekuwa akiwatafutia nafasi alikuja nyumbani kutuona. Alisema Riyadh wanataka Waislamu wanaojua kupika na wasio na maneno mengi. Mama alimuuliza maswali mengi kuliko mimi: nitalala wapi, nikiugua nitapelekwa na nani, nitarudi lini. Kila swali lilijibiwa vizuri. Mama huyo alipoondoka, mama yangu alisema, "Amejibu upesi mno." Lakini hakunizuia.

Nilikwenda kwa basi mpaka Nairobi, nikakaa kwenye nyumba moja na wasichana wengine tukisubiri viza, kisha ndege. Riyadh tulipokelewa na ofisi ya wakala, tukawekwa kwenye chumba chenye mikeka, na makafili wakaja kutuchukua. Kafili ndiye mwajiri ambaye ikama yako, kile kitambulisho cha ukaazi, iko kwa jina lake. Bila yeye huhami kazi na huondoki nchini. Wangu alikuwa mwanamume mpole wa sauti ya chini, mwenye kazi katika ofisi ya serikali. Alichukua pasipoti yangu mezani, akaitia mfukoni mwa kanzu, akasema yalla, tukaenda.

Nyumba ilikuwa Al-Naseem, ya ghorofa mbili, na ukuta mrefu kuizunguka. Alikuwepo baba, yaani huyo kafili. Mke wake, niliyemwita madam, mwalimu wa shule ya wasichana. Watoto watano waliokuwa bado nyumbani. Na mama mzazi wa baba. Huyo wafanyakazi wote walionitangulia walimwita mama kabiri, mama mkubwa, nami nikamwita hivyo. Binti mkubwa wa nyumba alikuwa ameolewa Jeddah.

Nataka niseme haki: mshahara wangu nilipewa kila mwezi, hakuna aliyenipiga, na chakula kilikuwepo. Nasema hivyo kwa sababu nimesikia ya wenzangu. Lakini kazi haikuwa na mwanzo wala mwisho. Niliamka kabla ya baba kwenda kuswali alfajiri na nililala wa mwisho kuliko wote. Katikati palikuwa na chai, kufagia, kupiga deki, kuosha ua kwa mpira wa maji, chakula cha mchana, vyombo, pasi, watoto, wageni, gahawa, vyombo tena. Ikivuma dhoruba ya vumbi, na Riyadh huvuma, vumbi liliingia hata kwenye kabati lililofungwa, na kazi yote ya jana ikaanza upya. Wiki haikuwa na sura. Nilijua ni Ijumaa kwa sababu tu siku hiyo masufuria yalikuwa makubwa zaidi.

Mtu wa kwanza kuzungumza nami Kiswahili Riyadh alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya pili, Mkenya kutoka Kakamega, Mkristo, mrefu, mwenye kicheko kifupi. Mapaa yetu yalipakana na wote tulianika nguo juu. Siku ya kwanza alinisikia nikiigombeza kamba iliyokatika, akasimama upande wa pili wa ukuta.

"Wewe ni wa wapi, unaongea Kiswahili ya kitabu?"

Nilimwambia Burundi. Alishangaa, akaniambia alidhani Warundi hawajui Kiswahili. Nikamwambia Buyenzi tunazaliwa nacho. Tangu siku hiyo tulianika pamoja. Yeye alikuwa amekaa muda mrefu kuliko mimi na alinifundisha mengi: maneno ya Kiarabu ya jikoni, dawa ipi inaharibu mikono, nani wa kumwogopa na nani kelele tupu. Siku moja aliniambia kwa kawaida tu, akiwa na vibanio mdomoni, kwamba yeye ana ofu, yaani mapumziko, ya Ijumaa, kuanzia saa nane. Niliuliza aliipataje. Alisema msichana aliyekuwepo kabla yake alitoroka, na wenye nyumba wakaogopa kutorokwa tena.

Nilishuka na kikapu kitupu nikiwa nafikiria neno hilo. Sikutaka kutoroka. Nilitaka kukaa chini mchana mmoja.

Nilisubiri siku madam aliyoonekana amefurahi, nikamwambia nataka Ijumaa. Alicheka, si kwa ubaya. Alinieleza, nusu kwa maneno na nusu kwa mikono, kwamba Ijumaa watoto wote wa mama kabiri wanakuja kula hapa na wake zao na waume zao. Nani atapika? Mafi, alisema, Ijumaa hakuna. Nikamwambia basi Jumanne. Akauliza kwa nini Jumanne. Sikuwa na sababu kubwa, ila Jumanne hatukuwa na wageni na nguo nyingi zilikuwa zimefuliwa Jumatatu. Alisema tutaona. Wiki zilipita, nikamkumbusha, akasema tutaona tena, safari hii akiwa anatazama simu yake.

Mama kabiri, wakati huo, hakuwa rafiki yangu. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye fimbo na sauti kavu, na alinirudisha jikoni mara nyingi kwa sababu ya gahawa. Gahawa yao hukaangwa kidogo tu, inabaki na rangi ya nyasi kavu, na hutiwa hiliki. Asubuhi moja alinikuta nimemwaga kahawa mbichi kwenye sinia ninachambua. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Alisimama akitazama, akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia ndiyo ilikuwa kazi yangu kwetu. Aliuliza kama kwetu tunakunywa gahawa. Nilimwambia kwetu tunailima na kuichambua, kisha inapelekwa. Alisema, "Inaletwa kwetu," akaketi, akanitazama mpaka nikamaliza. Hapo ndipo alipoanza kuniita binti.

Jumanne niliyoichagua mwenyewe, nilipika chakula cha mchana kama kawaida. Madam na watoto walirudi kutoka shule, nikapakua, nikaweka maji na saladi mezani. Kisha niliosha mikono, nikaingia chumbani kwangu kando ya jiko, nikavaa gauni safi, nikaketi kitandani. Mlango niliuacha wazi. Sikutaka ionekane nimejificha.

Niliwasikia wakila. Niliwasikia wakimaliza. Baadaye madam aliita, akaita tena, akaja mwenyewe.

"Unaumwa?"

"Siumwi, madam. Leo ni Jumanne."

Kwanza hakuelewa. Alipoelewa, sauti yake ilipanda. Alisema atapiga simu ofisi ya wakala waje wanichukue wampe mwingine, wako wengi, kila wiki wanakuja wapya. Nilimwambia kwa Kiarabu changu kidogo kwamba sikatai kazi, kesho nitaamka alfajiri, lakini leo mpaka magharibi nimekaa. Niliweka mikono mapajani. Watoto walikuwa wamejaa kwenye korido, wadogo mbele, wakubwa nyuma.

Mama kabiri alikuja na fimbo yake, akataka kujua kuna nini. Madam alimweleza kwa haraka. Bibi huyo alinigeukia mimi, akataka aambiwe na mimi pia. Nikamwambia.

"Mimi nimezaa tisa," alisema, "na hakuna mtu aliyenipa Jumanne."

Madam aliitikia kwa kichwa. Mimi nilianza kufikiria sanduku langu liko wapi.

"Hakuna aliyenipa," mama kabiri akaendelea, polepole, "na sasa magoti yangu ndiyo haya. Muache akae mpaka magharibi. Nyumba ikianguka, mimi ndiye nitakayekuwa chini yake."

Akaenda jikoni, akavuta kiti, akawaita wajukuu wake wa kike kwa majina mmoja mmoja waje waoshe vyombo. Niliwasikia wakilalamika na yeye akiwaamuru wasugue sufuria mpaka chini.

Wiki ile madam hakusema nami ila lililokuwa la lazima. Simu yangu ilikaa kwake siku kadhaa, kisha nikaikuta juu ya friji. Lakini Jumanne iliyofuata nilipakua chakula, nikavua aproni, na hakuna aliyeniita. Ikawa hivyo. Nilikuwa na mchana wangu, kuanzia baada ya adhuhuri mpaka magharibi. Kutoka nje sikuruhusiwa, na sikuwa na pa kwenda. Mwanzoni nililala tu, usingizi mzito, naamka mate yamekauka mdomoni. Baadaye nilianza kupanda juu na kukaa kwenye kivuli cha tangi la maji, nikimpigia mama simu, au nikizungumza na mwenzangu wa Kakamega akiwa anaanika. Nilipomweleza ilivyokuwa, alicheka kicheko chake kifupi, akasema, "Wewe uligoma peke yako? Siz, uko na moyo." Kisha akaniambia nisimweleze mtu mwingine, maana mmoja akigoma anasamehewa, wawili wataitwa genge.

Mwaka uliofuata binti mkubwa alikuja kujifungulia Riyadh kwa mama yake, kama wanavyofanya. Arobaini zilipokwisha na mumewe akaja kumchukua, madam aliniambia nifungashe, nakwenda naye Jeddah kumsaidia kulea mtoto. Nikauliza kwa muda gani. Mwezi mmoja, alisema. Mama kabiri alikuwa kwenye kiti chake, hakupendezwa, lakini mtoto mchanga alikuwa kitukuu wake, naye hakupinga.

Jeddah walikaa Al-Hamra, ghorofa ya juu ya nyumba kubwa nyeupe, na upepo wa bahari ulifika mpaka kwenye kamba za nguo. Ni huko nilikoiona bahari kwa mara ya kwanza. Tulikwenda matembezi pwani jioni, mimi nimembeba mtoto, wao wametangulia. Kwa mbali kulikuwa na meli, nyingi, zimesimama zikisubiri zamu ya kuingia bandarini. Nilizitazama kwa muda. Nilikuwa nimesikia habari za meli kuchelewa maisha yangu yote, na sasa niliona jinsi zinavyochelewa: hazifanyi chochote, zinakaa tu. Mume wa madam mdogo, ndivyo nilivyomwita yule binti, aliniuliza natazama nini. Nikasema meli.

Jumanne ya kwanza baada ya kufika nilipakua chakula, nikavua aproni. Madam mdogo aliniuliza nakwenda wapi na mtoto analia. Nilimweleza utaratibu wa Riyadh, ambao aliujua vizuri, maana alikuwa amekaa pale siku arobaini akiuona.

"Hiyo ni ya kule," alisema. "Ni neno la bibi. Huku bibi hayupo."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, ana mtoto wa kwanza, mume anarudi jioni. Lakini nilielewa siku ile kwamba nilichokuwa nacho Riyadh hakikuwa changu. Kilikuwa cha mwanamke mmoja mzee, na kilikuwa kimebaki naye. Nilimbeba mtoto. Mwezi uliisha, wa pili ukaisha. Nilikuwa na mtoto mchana na usiku pia, na Jumanne zikapita bila mimi kuzijua.

Ghorofa ya chini waliishi watu wa asili ya Unguja. Mwenye nyumba alikuwa karani Bandari ya Jeddah, na mkewe, mama wa makamo, aliletwa Jeddah akiwa mtoto wa kubebwa baada ya mapinduzi. Hakuwahi kurudi, lakini Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, alikipata kwa mama yake. Alinikuta kwenye ngazi nikimbembeleza mtoto.

"Mwanangu, kumbe wasema Kiswahili, na mimi siku zote nakusalimu Kiarabu."

Tangu hapo alikuwa akinisubiri ngazini. Alinitumia vitumbua kwenye sahani iliyofunikwa. Alitaka kujua kwetu ni wapi, na nilipomwambia hakuna bahari, kuna ziwa, aliuliza kama ziwa lina maji ya kupwa na kujaa, akanihurumia niliposema hapana. Nilimweleza mambo yangu kidogo kidogo. Mkataba wangu wa miaka miwili ulikuwa unakaribia kwisha na madam mdogo alikuwa ameshasema sitaondoka mpaka mtoto atembee. Nilikuwa nimemwomba ruhusa mara mbili.

Mama yule alinisikiliza, sahani mkononi.

"Usimwombe ruhusa ya kwenda kwenu," aliniambia. "Hana ya kukupa. Ikama yako si ya mumewe, ni ya babake, au sivyo? Basi wewe sema unarudi kwa kafili wako. Hapo hawezi kukukatalia, maana atakuwa anamkatalia babake."

Ilikuwa kweli, na mimi sikuwa nimeliona. Mara zote mbili nilikuwa nimeomba kwa mtu asiye na kitu cha kunipa. Nilimpigia baba Riyadh, kwa heshima, nikamwambia mkataba unakwisha, naomba nirudi nyumbani kwake tumalize mambo yetu. Aliuliza kama hata sasa bado niko Jeddah. Nadhani alijua, ila hakuwa amelifikiria. Alisema atazungumza na mkwewe. Madam mdogo alilia siku niliyoondoka, akaniambia nimemwacha peke yake. Nilimbusu mtoto. Mama wa ghorofa ya chini alinisindikiza mpaka mlangoni, akanitakia safari njema, akaniambia nikifika kwetu niwasalimie watu wasio na bahari.

Riyadh nilikuta nyumba imenyamaza. Mama kabiri alikuwa kitandani. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa amewaambia wamrudishe nyumbani. Alikuwa amepungua mpaka pete zimetolewa vidoleni. Mwenzangu wa Kakamega hakuwepo tena juu ya paa. Nyumba ya pili walikuwa na mfanyakazi mpya asiyejua Kiswahili, na habari za mwenzangu sijazipata mpaka leo.

Baba alikuwa mkweli. Mkataba umekwisha, alisema, na anaweza kuanza kushughulikia hati yangu ya kutoka na tiketi. Kisha madam, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake, akaniomba nibaki. Hakuamuru. Alisema mama kabiri hataki mikono mingine, wamejaribu muuguzi wa kukodi akamfukuza. Mpaka apone, au mpaka Mungu aamue.

Nilimpigia mama yangu. Alisema nirudi. Alikuwa ameniandalia kitanda, na alitaka kuniona mwenyewe kwa macho yake.

Siku ya pili nilikuwa nambadilishia mama kabiri mashuka, na yeye akiwa amelala ubavu, amenipa mgongo, akauliza, "Wamekuomba ubaki?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka kwenda kwa mama yangu."

Nilimaliza upande ule, nikamgeuza. Kisha alisema, "Ningekuwa wewe, ningekwenda."

Sijui kama nitaeleza vizuri. Kama angenishika mkono na kuniomba, nadhani ningeondoka. Lakini aliniambia kweli bila kunidai chochote, na hapo ndipo niliposhindwa kuondoka. Nilikwenda sebuleni walikokaa baba na madam, nikawaambia nitabaki, lakini kwa masharti. Pasipoti yangu nikae nayo mwenyewe. Hati ya kutoka ifanyiwe kazi sasa, si baadaye. Kazi yangu iwe mama kabiri peke yake, nyumba atafutwe wa kuiangalia. Na Ijumaa niwe na siku nzima. Niliyasema yote kwa Kiarabu, bila haraka. Baba alimtazama mkewe. Madam alisema, "Ijumaa nitapika mimi." Baba akaenda chumbani, akarudi na pasipoti.

Na kweli alipika. Ijumaa ile ya kwanza wali uliungua chini, na jamaa walikula wakisifia. Mimi nilikuwa nimekaa chumbani kwa mama kabiri, si kwa kazi, nimejinyoosha kwenye zulia karibu na kitanda chake, na sote wawili tulinusa wali. Alisema, "Ameuacha moto mkubwa," akacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akicheka.

Alifariki wiki chache baadaye, asubuhi, wakati madam akimsomea Kurani. Binti zake walikuja kumwosha. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika taulo, nikitegemea kuambiwa niondoke, na madam akanisogezea nafasi upande wa miguu. Nilimwagia maji wakati mkubwa wa binti zake akimsugua. Miguu yake ilikuwa midogo kuliko nilivyodhani. Tulimvika sanda, wanaume wakamchukua, na sisi wanawake tukabaki nyumbani na wageni na gahawa.

Baba hakugeuza neno. Baada ya siku za msiba hati ilikuwa tayari, na tiketi. Siku ya kuondoka aliendesha mwenyewe kwenda uwanja wa ndege, na madam akaja, akakaa nyuma nami badala ya kukaa mbele. Njiani hakusema mengi. Tulipokaribia, aliniomba nikifika kwetu nimtafutie msichana mwingine, mwenye tabia kama yangu.

Nilifikiri kwanza. Kisha nikamwambia, "Naweza kumtafuta, madam. Lakini nitamwambia yote ya nyumba hii. Mazuri na yale mengine."

Alitazama nje dirishani. Tulikuwa tunapita mahali wanapouza hema na vifaa vya jangwani.

"Mwambie," alisema.

Nyumbani nilimkuta mama anatembea kwa fimbo, akaniambia nimekonda, na mimi nilikuwa nimenenepa. Baada ya miezi michache msichana mmoja wa mtaani alikuja na dada yake mkubwa kuniuliza. Niliwakalisha, nikawaeleza kuanzia ofisi ya wakala mpaka mwisho, na walipokuwa wanasitasita kuuliza kitu nilikisema mwenyewe. Niliwaambia maneno ya kusema na mtu wa kumwambia. Dada yake alisema asiende. Msichana alikaa siku mbili akifikiri, kisha akaja peke yake akaniomba namba ya madam, akaenda. Alikaa miaka miwili na akarudi mzima. Tulipoonana sokoni aliniambia madam amejifunza kupika wali, lakini samaki bado.